Sentensi Moja ya Cecilia Payne

Wengi wetu tumekuzwa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hizi nikiisikia namkumbuka mwanaastrofizikia Cecilia Payne. Yeye alilisikia la mkuu, na bado akaumia.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1900. Akiwa mwanafunzi Cambridge alimsikia Arthur Eddington akieleza safari yake ya kisiwa cha Príncipe, upande wa magharibi mwa Afrika, alikokwenda kupima nuru ya nyota wakati wa kupatwa kwa jua mwaka 1919. Nyota zikamteka hapo hapo. Lakini Cambridge ya enzi hizo iliwaacha wanawake wasome, shahada ikawanyima. Walianza kuzipata mwaka 1948. Basi mwaka 1923 akavuka bahari, akaenda Harvard, Marekani.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba jua na dunia vimeumbwa kwa vitu vilevile, kwa viwango vinavyokaribiana. Payne akachukua nadharia ya Mhindi Meghnad Saha kuhusu jinsi joto linavyobadilisha atomu, akaisoma upya mistari iliyomo kwenye mwanga wa nyota. Hesabu zikamjibu jambo la ajabu: nyota ni haidrojeni na heli, vingine vyote ni chembe tu.

Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo Marekani, akamwambia haiwezekani. Payne alikuwa na miaka 24. Katika tasnifu yake ya 1925 akaandika kwamba kiasi hicho cha haidrojeni karibu hakika si cha kweli.

Sentensi hiyo ndiyo inayonirudisha kwake kila mara. Sisi wapenzi wa fasihi tunamjua msimulizi asiyeaminika. Hapa msimulizi anatusihi tusimwamini, na kumbe alikuwa anasema kweli! Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, alifika palepale, na akaitaja kazi ya Payne.

Ni rahisi kusema, "Si angekaza tu?" Jamani, kwa nani? Neno la Russell lingeweza kumpa mtu kazi au kumfungia mlango. Hata masomo aliyofundisha Harvard hayakuorodheshwa rasmi hadi mwaka 1945. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1956. Na mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya kifo chake, wanaastronomia wa Marekani wakamtunuku heshima yao kubwa, ile yenye jina la nani? Henry Norris Russell.

Uzeeni, akiandika habari za maisha yake, alijilaumu mwenyewe kwa kutosimamia hoja yake. Hapo ndipo ninapobishana naye. Angeweza kuzifuta zile hesabu, asingeulizwa na mtu. Hakuzifuta. Aliziacha kwenye jedwali, sentensi ile ikizikana, azisome mwenye macho.