Masika Hayana Watazamaji

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, asubuhi kabla ukungu wa Uchindile haujapanda na jioni kabla macho hayajachoka, kwa sababu kifua hakiniruhusu tena kuongea kwa muda mrefu, na haya ninayotaka kukuachia hayasemeki stesheni huku watu wanapakia magunia na treni imeshapiga honi. Utashuka na TAZARA kwenye mahandaki na madaraja mpaka Mlimba, utaliona bonde la Kilombero limelala mkono wako wa kulia, utapita Ifakara, na ukishafika Dar es Salaam utatafuta basi la Bagamoyo. Mama yako ameridhia na mimi nimeridhia. Sikuzuii. Ila mkubwa akinyamaza mdogo anaposafiri, kimya hicho huwa deni, nami sitaki kuondoka duniani na deni lako.

Nataka kukueleza maisha ya watu wanaoishi pamoja kwa ajili ya ngoma, kwa sababu wewe umewaona wakiwa jukwaani tu, na jukwaa ni sehemu ndogo mno ya mwaka wao.

Hapa kwetu ngoma hulisubiri shamba. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, kila mtu yuko na jembe, na kijana akipiga ngoma mchana wa Januari wazee humuuliza kama mahindi yake yameshapaliliwa. Huko bondeni, Wandamba na Wapogoro huhamia mashambani na kukaa madunguni, wakiamia ndege kwenye mpunga tangu alfajiri, na maji ya Kilombero yakipanda, Machi au Aprili, hakuna anayeiwaza ngoma ya sangula. Ni baada ya mavuno, Juni na Julai, ghala likiwa na kitu na njia zimekauka, ndipo harusi hupangwa, wari hutolewa nje, na ngoma hukesha bila mtu kunung'unika. Umekulia ndani ya mpango huo, ndiyo maana moyo wako unaamini kwamba ngoma ni ya wakati wa shibe. Huko uendako, mwanangu, ngoma ndiyo shamba lenyewe, na shamba hilo lina masika yake.

Ujue kwanza nyumba unayoingia ilijengwaje. Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni na vijana, na haikupita miaka mingi likazaliwa kundi la taifa la ngoma. Vijana walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi, likaundwa kundi lao. Baadaye likafuata la maigizo. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, makundi yale yakavunjwa, na baadhi ya wasanii wake wakawa walimu. Leo mahali hapo panaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, jina lililokuja 2007 ilipofanywa wakala wa serikali. Nilikaa na walimu hao miaka ile ya mwanzo ya chuo, nikiwa mpiga ngoma miongoni mwa wapiga ngoma, na kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba sindimba ulifundishwa na Mmakonde, bugobogobo na Msukuma, lizombe na Mngoni, na ukikosea hatua hukusahihishwa na kitabu, ulisahihishwa na mtu aliyeiona hatua hiyo miguuni pa bibi yake. Ukikuta mtu wa namna hiyo bado yuko hai, hata kama hana cheo na viatu vyake vimechakaa, msogelee. Mbebee ndoo ya maji. Yapo mambo hatakufundisha darasani ambayo atakufundisha akiwa amekaa kwenye mkeka anamenya muhogo.

Mwaka wa Bagamoyo unaendeshwa na pepo mbili. Kusi ikivuma, kuanzia Juni hivi, jua linakuwa la wastani, njia zinapitika, wageni wanakuja, na vikundi vinaitwa huku na huku: Sabasaba, Nanenane, harusi za wenye nacho, hoteli za ufukweni. Kisha linakuja tamasha la sanaa, ambalo lilianza 1982 na mara nyingi huangukia mwishoni mwa kiangazi. Siku hizo mji hubadilika. Vikundi huingia kutoka mikoani na nchi za nje, nyumba za watu hujaa, mazoezi huanza kabla ya jua na ngoma hazinyamazi mpaka usiku wa manane, na wewe uliyetoka huku milimani utajiona umefika mwisho wa safari yako. Furahi, mwanangu, ni haki yako. Lakini siku zile ni chache, na baada ya kila mtu kufunga mizigo yake vuli huanza, kisha kaskazi huleta joto la Desemba na Januari, na mialiko hupungua mmoja mmoja. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, katika msimu wowote utakaoangukia, ngoma hukaa kimya, kwa sababu Bagamoyo ni mji wa Waislamu tangu enzi na mtu mwenye adabu hapigi ngoma mlangoni pa mwenzake aliyefunga. Usingoje kuambiwa. Fuata wenyeji, na jioni ukikaribishwa kufuturu, nenda.

Halafu yanakuja masika.

Kuanzia Machi mpaka Mei mvua hunyesha pwani mpaka kuta zinaota ukungu. Hakuna mgeni, hakuna harusi, hakuna wa kukupigia makofi. Ngozi za ngoma hunywa unyevu zikalegea, ukiipiga ngoma inatoa sauti ya kofi kwenye unga, na moto wa makuti wa kuipasha unakataa kuwaka kwa sababu makuti nayo yameloa. Mabwenini watu wamebanana, nguo hazikauki, fedha za kiangazi zimekwisha, na aliyekuwa akicheka nawe Septemba sasa anahesabu sukari yake. Hapo ndipo niliwaona vijana wengi wakipotea, na hawakupotezwa na kukosa kipaji. Walikuwa na vipaji vya kumtoa nyoka pangoni. Waliacha mazoezi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwatazama, wakalala mchana, wakakopa, wakaanza kusemana. Na kusi iliporudi, miguu yao ilikuwa mizito na wenzao walikuwa wamesonga mbele. Wapo walioonekana wa kawaida tu, ambao kila asubuhi ya mvua walikaa barazani wakirudia mdundo uleule mmoja mpaka majirani wakauzoea. Hao ndio niliosikia baadaye wakiitwa walimu.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kweli umekuwa mtu wa ngoma, usijiulize siku ya tamasha. Jiulize Aprili.

Wakati huo wa mvua ndio wa kutengeneza ngoma, na hili nataka ulishike vizuri kwa sababu huenda nisiwepo kukuonyesha tena. Ngozi ya mbuzi iliyolowekwa usiku kucha unaiweka juu ya mdomo wa gogo, unaiacha ining'inie pande zote, kisha unaanza kupigilia mambo, vile vijiti vya kuishikilia ngozi. Unapigilia moja upande wako, halafu mwenzako anapigilia moja upande wa pili, mkabala na lako. Kisha mnahama, wewe kushoto, yeye kushoto, mnazungukana hivyo mpaka ngozi imekaza sawasawa. Ukipigilia upande wako mpaka mwisho ndipo umpishe mwenzako, ngozi itakuwa imevutwa kombo, na ikikauka itakuwa na sauti mbili zinazogombana, na hakuna moto utakaozipatanisha. Wazee wetu walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na walisema kweli juu ya binadamu, ila fundi mzuri hatengenezi ngoma namna hiyo. Tafuta mtu wa kukaa upande wa pili. Mchague kwa subira, umvumilie akichelewa, na siku ukichelewa wewe umwombe radhi kabla hajaulizia.

Nakuambia hili kwa sababu ya fedha pia. Mtakapotunzwa, noti zitabandikwa kwenye paji la uso la anayecheza mbele, na huenda akawa wewe, maana mabega yako Mungu ameyapa kitu. Noti ile si yako peke yako. Nyuma yako kuna aliyepiga, aliyeitikia, aliyepasha ngozi moto tangu saa kumi, na yule aliyebaki bwenini anaumwa. Weka kwenye kapu, mgawane mbele ya macho ya wote. Nimeona kikundi cha watu waliokula chungu kimoja kwa miaka kikivunjika kwa sababu ya noti iliyofichwa kwenye kibwebwe, na waliokuwa ndugu wakapishana njiani bila salamu. Bandu bandu huisha gogo. Uaminifu nao huisha hivyohivyo, na haurudi kwa haraka kama ulivyoondoka.

Utajikwaa, mwanangu. Sikuandikii kama mtu anayetegemea utembee bila kuanguka, kwa kuwa hakuna aliyezaliwa namna hiyo katika ukoo huu wala mwingine. Huenda ukampenda mtu ambaye upendo wake unakuja na kiangazi na kuondoka nacho. Huenda atatokea wa kukuahidi safari ya Ulaya, akuletee karatasi ya kutia sahihi usiku, watu wamechoka na wengine wamelewa. Hiyo karatasi uiweke mpaka asubuhi, uisome na mtu aliyekuzidi umri, na kama haiwezi kungoja asubuhi basi iache iende. Huenda ukamjibu mwalimu vibaya siku ukiwa na njaa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hata ulimi ukijikwaa, rudi ukaombe msamaha siku hiyohiyo jua halijazama. Hakuna jambo litakalokupata huko likaufunga mlango wa nyumba hii. Nimemwambia mama yako, nimewaambia na kaka zako, nao wamenisikia.

Na wakikuambia mwanamke ni wa kucheza tu na ngoma ni ya mwanamume, usigombane. Waulize kama wamewahi kuwaona mama zetu wa Kigogo kwenye muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, mikono inakwenda na shingo zimenyooka. Kisha kaa upige.

Nikitaja Wagogo namkumbuka marehemu Hukwe Zawose, naye ningependa umfahamu zaidi ya jina. Alitoka Ugogo na zeze na ilimba, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, sauti yake ikafika Ulaya na kwingineko kwenye majukwaa ambayo wengi wetu tuliyasikia redioni tu, na 1996 ikatoka albamu yake iitwayo Chibite. Mtu kama huyo angeweza kuishi popote. Aliishi Bagamoyo, katikati ya wake, watoto, wapwa na wajukuu, katika boma ambalo watoto walijifunza kuimba kwa kukaa karibu na wanaoimba. Alifariki mwishoni mwa Desemba 2003, na mwaka uliofuata akafariki Charles, mpwa wake aliyezunguka naye duniani. Taa mbili za namna hiyo kuzimika kwa mfuatano ni msiba wa kukata uzi wa ukoo mzima, lakini watoto wanaendelea, zeze linalia mpaka leo, kwa sababu yeye alifundisha nyumbani, siku ambazo hakuna aliyelipa kiingilio. Chuo nacho kiliwahi kuona msiba wake: 2002 ukumbi mkubwa wa maonyesho uliungua, makuti yote yakawa majivu. Hawakufunga. Kilichoungua kilikuwa jengo, na baadaye jingine likajengwa.

Usisahau huku. Mcheza kwao hutunzwa, lakini atakayetunzwa ni yule anayekumbuka kwao panachezwaje. Rudi Julai, kila utakapoweza, wakati mahindi yako ndani, na usije kutufundisha sangula ya jukwaani yenye dakika saba. Kaa na bibi zako usikilize jinsi ngoma inavyokawia kabla ya kupanda, nani anaingia kwanza, nani hapaswi kuingia mpaka aitwe. Dakika saba ni za wageni, wala si aibu kuwapa, ila wewe ujue saa nane za usiku zilizobaki. Waandike majina yao na nyimbo zao kwenye daftari, kwa ruhusa yao. Wanapungua kila masika, na mimi nimo katika hesabu hiyo.

Kuhusu vitu vyangu, nimeamua hivi. Ngoma kubwa isitoke Uchindile. Ni ya kijiji kuliko yangu, na itakaa kwa mdogo wako, juu ya chanja, moshi wa jikoni uifikie. Chapuo ni yako, ichukue safari hii. Mambo mawili upande wa chini yamelegea, utayabadilisha ukifika. Nauli ya Julai nimeiacha kwa mama yako, imefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Usimruhusu akupe kabla ya wakati wake, hata ukilia kwa simu.

Ni mimi baba yako,
Uchindile.