Elektroni, Saa na Baba Yangu

Leo nawapa siri. Mwaka jana nilifeli mtihani wa fizikia ya kwanta, na kwa miezi miwili nikawa nawaambia watu wa nyumbani "mambo safi".

Swali lililoniangusha lilimhusu Paul Dirac, mzaliwa wa mji huu huu wa Bristol, mwaka 1902. Mwaka 1928 aliandika mlinganyo wa elektroni unaounganisha kwanta na nadharia ya Einstein ya uhusianifu. Mwaka 1930 Erwin Schrödinger akaukokotoa, akakuta kioja: elektroni iliyo huru, hata ikienda polepole, ndani kwa ndani inatetemeka. Kasi yake ya papo hapo ni ile ya mwanga, mara mbele, mara nyuma. Mwendo mdogo tunaoupima ni wastani tu. Mitetemo yake kwa sekunde moja ni idadi ya tarakimu 21! Hakuna aliyeuona mtetemo huo moja kwa moja katika elektroni huru, ila mwaka 2010 wanasayansi wa Innsbruck, Austria, walitangaza kuwa wameuigiza kwa ioni moja ya kalsiamu.

Mimi nilikariri tu. Kitu kinachokwenda na kurudi kitafikaje?

Usiku mmoja nikampigia baba, Tanga. Baba ni fundi saa. Nikamwambia yote: kufeli, madeni, maboksi ninayobeba usiku. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Swali lenyewe lilikuwaje?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, maana kwa baba huwezi kujificha nyuma ya Kiingereza. Hapo ndipo nilipogundua kumbe sikuwahi kulielewa.

"Mwanangu," akasema, "fungua saa yoyote ya kutia ufunguo. Mna kigurudumu kazi yake kwenda na kurudi tu. Chenyewe hakifiki popote. Lakini kikisimama, na mishale imesimama."

Mfano huo si kamili. Elektroni haina kigurudumu; kwenye hesabu, mtetemo unatokana na kuingiliana kwa mawimbi ya nishati chanya na hasi. Lakini ulinirudisha mezani. Agosti nikarudia mtihani, nikapita, tena kwa kujikongoja.

Basi ndugu yangu, kama nawe una lako umelificha, usingoje miezi miwili. Mpigie mzee. Na akikuuliza unasoma nini huko, mweleze kwa Kiswahili.