Hewa Isiyolipa Nauli

Mlio wa Subaru unajulikana Nairobi hata na watu wasiojua tofauti ya plagi na pistoni. Unausikia usiku Thika Road, dugu-dugu-dugu, na mtoto wa jirani anasema, "Hiyo ni Subaru," kabla taa hazijaonekana. Wengi hudhani ni injini inajigamba. Ukweli ni kwamba mlio ule ni wa mabomba ya moshi. Kwenye zile injini za turbo za zamani, bomba la upande mmoja ni refu kuliko la upande wa pili, kwa hivyo moshi wa silinda nne haufiki kwenye turbo kwa mapigo yaliyo sawa. Urefu usiolingana ndio unaoimba.

Upande wa moshi una mashabiki wa kutosha. Mimi nataka kuongea kuhusu upande wa pili, pale hewa inapoingilia. Huko hakupigwi picha za Instagram, na hakuna mlio. Ukisikia mlio huko, jua kuna shida.

Gari lenyewe ni Impreza ya 1998, injini EJ20 yenye turbo, cc 1994. Nililinunua likiwa limekufa: beringi za krenki zilikuwa zimeliwa na mwenyewe alikuwa amechoka nalo. Akiba yangu ya miaka miwili iliishia hapo. Usiniulize kwa nini. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 akiendesha Impreza, na wazazi wetu hawakuacha kutuhadithia. Wasee wengi wa rika langu hawakuichagua Subaru. Waliirithi, kama vile mtu anavyorithi timu ya mpira.

Kila Jumamosi nilikuwa naenda gereji kusaidia kuiunda upya. Fundi wetu tunamwita Mzee, na kwenye hadithi hii atabaki hivyo. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alinipa sharti moja tu: jina lisitokee. Utaelewa sababu mbele.

Pistoni mpya zilikuwa zimeingia. Silinda hedi zilikuwa zimetoka kusagwa kwa mashine kwa sababu zilikuwa zimepinda kidogo. Ikabaki kazi ambayo mimi niliiona ndogo, ya jioni moja: kufunga manifoldi ya hewa. Hebu fikiria mkono wa alumini wenye vidole vinne. Hewa inaingilia kwenye kiganja, kila kidole kinapeleka sehemu yake kwa silinda moja. Kwenye injini ya Subaru silinda zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hivyo manifoldi inakaa juu kama daraja kati ya hedi mbili. Chini ya daraja hilo kuna mipira midogo ya hewa, nyaya, na ile sensa inayosikiliza injini ikigonga. Mzee alianzia hapo. Alibadilisha kila mpira uliokuwa umekauka, hata ile iliyoonekana ina mwaka mmoja zaidi wa kuishi.

"Hii ni paa," akasema. "Ukishaezeka, hutaki kukumbuka umesahau waya ndani ya ukuta."

Kwenye matundu manne ya hedi alikuwa amesokota vitambaa vinne ili kitu kisianguke ndani. Nati moja ikidondoka humo na usijue, siku utakayowasha injini itapinda valvu. Kitambaa kikisahaulika nacho kitavutwa. Kwa hivyo alivihesabu wakati wa kuviingiza, kwa sauti, na akavihesabu tena wakati wa kuvitoa: mmoja, wawili, watatu, wanne. Kama mwalimu wa chekechea akivusha watoto barabara.

Sasa, kwa nini kazi hii ni nyeti? Sababu ni hesabu. Petroli inaungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo: karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kompyuta ya gari haibahatishi. Mwanzoni kabisa mwa njia ya hewa, kabla ya turbo, kuna sensa inayopima hewa inayopita, na petroli inatolewa kulingana na hesabu hiyo. Ile sensa ni makanga wa matatu aliyesimama mlangoni. Kila abiria anayepita kwake anahesabiwa.

Lakini gasketi ya manifoldi isipokaa vizuri, kuna mlango wa nyuma. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, ndani ya manifoldi mna mvuto, na hewa inanyonywa kupitia ufa ule bila makanga kujua. Petroli haitoshi, injini inatetemeka, inapanda na kushuka. Ukikanyaga mafuta na turbo ikaanza kusukuma, mambo yanageuka. Sasa ndani mna shinikizo kuliko nje, na abiria waliokwisha kuhesabiwa wanaruka nje kupitia ufa uleule. Petroli yao imeshatolewa, wao hawapo. Gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Kwa injini mpya hiyo ni hatari, kwa sababu petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda wakati pete za pistoni bado hazijakaa sawa.

Na sisi tuko Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hapa shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Hewa yenyewe ni ya kubana matumizi. Huwezi kuiachia ivuje.

Siku ya kufunga ilikuwa Ijumaa, na kesho yake msafara wa marafiki ulikuwa unaondoka kwenda Naivasha kutazama Safari Rally. Nilikuwa nimeshaahidi kuwa nitaenda na gari langu. Mzee akatoa gasketi kwenye karatasi yake, akaiweka juu ya tundu la hedi, akainama na tochi. Akakaa kimya. Akaniita nitazame. Tundu la gasketi lilikuwa dogo kuliko tundu la hedi. Ukingo wake ulijitokeza ndani ya njia ya hewa, kama kizingiti kilichowekwa katikati ya mlango.

"Hii si ya hii injini," akasema.

Rafiki yangu mmoja wa msafara alikuwa amekuja kunichukua. "Mzee, si upake tu silikoni ufunge? Tutarekebisha tukirudi."

Mzee hakukasirika. Aliirudisha gasketi kwenye karatasi yake, akaikunja vizuri, akanipa. "Rudisha Kirinyaga Road. Waambie ya turbo. Wakisema ni sawa tu, uliza duka lingine."

Iliyo sahihi ilipatikana Jumatatu. Msafara ulienda bila mimi. Wikendi nzima nilikuwa natazama video zao za vumbi kwenye simu, nikiwa nimekunja uso.

Jumatatu jioni tulifunga. Mzee alisafisha nyuso za hedi hadi zikang'aa, bila kuzikwaruza, kwa sababu alumini ni laini na mkwaruzo mmoja unaweza kuwa mfereji. Tukashusha manifoldi wote wawili, kila mtu upande wake. Kwa kuwa hedi zilikuwa zimesagwa, zilikuwa zimesogeleana kwa kipimo kidogo ambacho jicho halioni, na matundu ya bolti hayakulingana sawasawa na zamani. Kwa hivyo aliingiza bolti zote kwa vidole kwanza, mzunguko mmoja mmoja, kabla ya kukaza hata moja. Ukikaza upande mmoja ukamaliza, wa pili hautakubali. Kisha tukakaza kwa awamu, kuanzia katikati kuelekea nje, tukimalizia na spana ya kupimia nguvu: newtoni-mita 25. Hiyo ni kama robo ya nguvu inayowekwa kwenye nati za magurudumu. Kijana mwenye misuli anaweza kuharibu kazi hii kwa sekunde moja.

Tukaiwasha. Ikashika mara ya pili. Wanagenzi wawili wakapiga makofi. Mzee akaweka kiganja juu ya manifoldi, akafumba macho, akakipitisha polepole kushoto, kulia, nyuma. Kisha akaniletea kipande cha mpira mwembamba, kama urefu wa mkono.

"Weka mwisho mmoja kwa sikio. Mwingine pitisha pale gasketi iko. Ukiskia *ssss*, niambie."

Nikapitisha. Silinda ya kwanza na ya tatu, kimya. Upande wa pili, kimya.

"Unaskia nini?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Skiza tena. Pole pole."

Mara ya pili nilipofika nyuma, karibu na mpira mmoja mdogo mpya, nikaisikia: *ssss*, nyembamba kama mtu anayeita paka. Nikamwonyesha. Alikuwa amepitisha kiganja hapo dakika mbili kabla. Mpira ulikuwa na ufa mwishoni, labda ulitoka nao dukani. Akakata sentimita moja kwa wembe, akaurudisha, akafunga klipu. Mngurumo ukatulia palepale.

Wanagenzi walikuwa wameenda kunawa mikono. Mzee akafunika boneti, akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni nadra kwa sababu huwa anaongea kama yuko stejini: "Hiyo singeiskia. Miaka kama minne sasa siskii vitu nyembamba."

Nikaanza kuunganisha. Simu inayoita hadi ikakatika. Ile tabia ya kumwangalia mteja mdomoni. Vijana wa gereji huigiza anavyopiga kelele kwenye simu, na mimi pia nimecheka. Miongo mitatu ya nyundo, mashine za kusaga chuma na spana za hewa zilikuwa zimemla masikio, na yeye akaendelea kufanya kazi kwa viganja. Alichoogopa si uziwi. Aliogopa mteja akijua, atasema fundi asiyesikia injini si fundi.

Sijui fundi mwingine ambaye angepoteza kazi ya Ijumaa kwa sababu ya kizingiti cha milimita mbili. Sikuweza kumwambia hivyo. Kwetu hatumwambii mzee maneno kama hayo akiwa ameshika kitambaa anafuta spana. Nilimwambia tu nitakuwa nakuja Jumamosi hata kama gari limekwisha.

Na huwa naenda. Injini ikiwashwa, yeye ana viganja, mimi nina mpira sikioni. Jumamosi iliyofuata nilibeba vifaa vya kuziba masikio, vile vya kuvaa kama hedifoni, pea mbili za wale wanagenzi. Walicheka, wakauliza kama mimi ni DJ. Mzee hakucheka. Sasa spana ya hewa ikichomekwa, yeye husimama kwanza, awatazame mmoja mmoja, ahakikishe wamevaa, ndipo aruhusu kazi ianze.