Theluji Aliyoitaka Baba



Miezi hii ambapo kaskazi huvuma Mombasa na watu hutafuta kivuli barazani, sisi dada wawili tulioolewa Toronto, nchini Kanada, huwa tumo katika kina cha baridi. Mwezi wa Desemba jua la huku huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Tumeishi huku miaka saba, na mengi tumeyazoea: kuvaa nguo juu ya nguo, kumwaga chumvi mlangoni ili mtu asiteleze, kuisubiri basi gizani. Lakini kila theluji inapoanza kuanguka, tunamkumbuka Baba, na kumbukumbu hiyo ndiyo tuliyoona tuwasimulie wasomaji wenzetu.

Baba yetu, Mola amrehemu, alifanya kazi katika bandari ya Kilindini hadi alipostaafu. Habari za theluji alizisikia kwa mabaharia wa nchi za baridi, zikamkaa moyoni. Tulipohamia huku tulimtumia picha za mapaa na magari yaliyofunikwa na weupe. Alitushukuru, kisha akasema, "Hiyo imekwisha kuanguka, wanangu. Mimi nataka kuiona ikiwa bado njiani. Na mniambie, je, ina kishindo kama mvua ya masika juu ya mabati?"

Swali la kishindo tulilijibu siku ile ile. Theluji haina kishindo. Tena hunyamazisha hata sauti nyingine, kwa kuwa ile iliyoanguka sasa hivi huwa na hewa nyingi katikati ya chembe zake, na hewa hiyo huzimeza sauti. Magari hupita kama yanayotembea juu ya godoro. Mara ya kwanza tulipousikia ukimya huo tuliogopa, tukadhani kuna msiba mtaani.

Picha ndiyo iliyotushinda. Tulinyanyua simu dirishani, tukapiga, tukatuma. Baba akajibu, "Naona mbu." Tulicheka sana, lakini alisema kweli: ilikuwa anga ya kijivu yenye vidoa.

Jirani yetu, bi mkubwa mmoja aliyewahi kuishi kwa kazi ya kupiga picha, alituazima kamera yake ya zamani na kutufundisha. Alitueleza kwamba theluji nyeupe mbele ya mbingu nyeupe haionekani, bali itafutiwe kitu cheusi nyuma yake. Kamera ikifumba jicho lake haraka, kila chembe husimama peke yake hewani. Ikichelewa, chembe huwa nyuzi ndefu. Kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe, weupe wote huugeuza kuwa rangi ya jivu, kwa hiyo yapasa kuiongezea mwanga. Na kabla ya kurudi ndani, ifungwe katika mfuko wa plastiki, isije ikapata ghafla joto la nyumba na kujaa umande.

Alitusimulia pia habari za Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, katika jimbo la Vermont nchini Marekani. Mama yake alimpa hadubini angali kijana, naye mwaka 1885 akafaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kupitia hadubini iliyounganishwa na kamera. Alifanya kazi hiyo mahali pasipo moto, akijizuia kupumua juu ya chembe isije ikayeyuka. Hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga picha zaidi ya 5,000, na kila chembe aliyoipiga ilikuwa na umbo lake mbali na wenzake. Tulisema subhanallah. Vitu vidogo kiasi hicho, vinavyoyeyuka kabla ya kutazamwa, kila kimoja kimeumbwa kwa kipimo chake.

Usiku mmoja wa Desemba theluji ilianguka bila upepo. Mmoja wetu alikuwa amerudi kutoka kazini, zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee. Alivaa buibui lake juu ya koti, akasimama chini ya taa ya barabarani, na mwingine akashika kamera. Weusi wa buibui ndio uliokuwa ukuta tulioutafuta. Chembe zilionekana moja moja, nyingine zikiwa hewani, nyingine zimetua begani na bado hazijayeyuka. Tulijua pale pale kwamba picha ya Baba imepatikana.

Hatukuituma.

Sababu yake tunaiandika kwa haya. Uso uliokuwa katikati ya theluji ile ulikuwa umechoka na umekonda. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukiwaambia wazazi wetu kwamba kazi ni nyepesi na maisha ni ya raha, na picha ile ingetutoa maneno. Tukaambizana kwamba tungoje theluji nyingine, tupige picha iliyo nzuri zaidi. Theluji nyingine zikaja, zamu zikatubana, picha ikabaki ndani ya kamera.

Mwezi wa Januari simu ililia saa sita usiku. Mombasa ilikuwa saa mbili asubuhi. Baba alikuwa ameamka salama, akaswali, akarudi kulala, na hakuamka tena. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Alizikwa baada ya sala ya adhuhuri, kama ilivyo ada yetu ya kutomchelewesha maiti. Wakati huo huku kwetu hata alfajiri ilikuwa haijaingia. Hapakuwa na ndege duniani ambayo ingetufikisha.

Jioni yake tuliswaliwa pamoja na jamaa msikitini sala ya maiti aliye mbali. Baada ya takbira ya tatu tukaingia katika ile dua ya kumwombea maiti tuliyofundishwa chuoni tukiwa watoto, ambayo ndani yake huombwa Mwenyezi Mungu amsafishe marehemu kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Tumeisoma mara nyingi katika misiba ya pwani, mahali ambapo theluji haijapata kuanguka. Neno lenyewe tulilipokea kutoka kwa Kiarabu, likawa letu, nasi hatukuwahi kuliuliza lina nini ndani yake. Usiku ule tulilijua. Tulikuwa tumeishika mikononi, tumeiona ikitua kwenye nguo nyeusi bila hata doa. Baba aliiomba theluji kwetu tukaichelewesha. Tukamwombea kwa Mola wake, ambaye hachelewi.

Tulipotoka msikitini ilikuwa ikianguka, na barabara imenyamaza. Hatukupiga picha.

Siku ya tatu tulimtumia Mama ile ya Desemba, naye akiwa ndani ya eda. Alikaa kimya kitambo kirefu kwenye simu. Hakusema neno juu ya theluji. Alisema, "Mbona umekonda hivi, mwanangu, na mbona hamkutuambia?" Tukalia sote watatu, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani tukamweleza maisha yetu kama yalivyo.

Picha hiyo hatukuileta gazetini, kwani ni ya nyumbani. Tunaloleta ni ombi kwa kila mwenye mzazi hai. Akikuomba jambo dogo, mpe lile ulilo nalo leo, hata kama halikupendezi, na usimfiche uso wako. Mama sasa hupata picha zetu kila wiki, za uchovu na za furaha, na nyingine huziita mbu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Baba yetu, awarehemu wazazi wenu waliotangulia, na awape afya walio hai. Amin.