Pweza wa Kitambaa Jabali Shams

Imekuwa desturi ya wasafiri wengi wa zama zetu kuchukua kichezeo kidogo, wakakipa jina na kukipiga picha kila mahali wafikapo. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni la kitoto, na wako wanaolichelea wakisema ni mlango wa ushirikina. Mimi limepita katika nyumba yangu, nami nitaeleza nilivyoliona.

Sisi ni watu wa Maskati wenye asili ya Unguja. Marehemu mama yangu alimshonea binti yangu pweza kwa vipande vya kanga kuukuu. Kitambaa kilipunguka, basi pweza akatoka na mikono saba. Tangu bibi yake kufariki, mtoto hakukubali kumwacha pweza huyo nyuma hata siku moja.

Tulipoazimia kwenda Jabali Shams, mlima mrefu kuliko yote ya Oman, upatao mita 3,000, pweza alikuwa wa kwanza kuingia garini. Ami yangu, mtu mzima mwenye kusoma, alimtazama akauliza: "Huyu ni mchezo au ni kago?"

Swali hili ni la haki. Nilimjibu kuwa tofauti hujulikana siku ya kukikosa kitu. Kago likipotea, mwenyewe huingiwa na khofu akangojea balaa. Mchezo ukipotea, mtu husikitika, kisha akaendelea na safari yake. Naye akanikumbusha hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya farasi mwenye mbawa za matambara katika vichezeo vya Bibi Aisha. Mtume (S.A.W.) alimwuliza habari zake, naye akajibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, Mtume akacheka.

Huko juu ardhi hukatika ghafula, na korongo la Wadi Ghul hushuka kiasi cha mita 1,000. Njia ya miguu itokayo Al Khitaym hupita ubavuni mwa genge mpaka magofu ya Sab, kijiji kilichohamwa na watu wake. Basi kabla ya kuishika njia tuliwekeana sharti: kitakachoanguka hakifuatwi, kiwe kofia, kiwe chupa ya maji, kiwe pweza.

Njiani nilimweleza binti yangu kuwa mawe yale ya chokaa yalijengeka chini ya bahari, mamilioni ya miaka iliyopita, hata leo huonekana ndani yake masalio ya viumbe vya baharini. Akafurahi mno. "Kumbe pweza amefika kwao!" akasema, akamweka juu ya jiwe apigwe picha.

Mara upepo ukavuma kutoka bondeni, ukamchukua, ukamtupa juu ya mwamba uliotokeza chini yetu, kiasi cha kimo cha watu wawili. Alionekana waziwazi na mikono yake saba. Mdogo wangu akavua viatu ateremke. Mtoto, huku machozi yanamtoka, akamshika kanzu: "Ami, sharti!"

Hakuteremka mtu. Tulikwenda mpaka Sab. Binti yangu alilia nusu ya njia, lakini alitembea. Tuliporudi alisimama karibu nami, akamtazama pweza kwa muda, akamwombea bibi yake rehema, kisha akanipa mkono twende. Ami alisema neno moja tu: "Alhamdulillahi."

Basi enyi wazazi, msiwanyang'anye watoto wenu vichezeo vyao safarini. Kichezeo humfanya mtoto atazame, aulize, na ayakumbuke aliyoyaona. Lakini wafundisheni mapema, kabla ya kufika ukingoni, kuwa kipenzi cha moyo hakiwi mlinzi, na kuwa mlinzi ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mtoto aliyelifahamu hilo ataweza kulia na asiruke.