Albamu ya Pinki Iliyowagombanisha Watu wa Nguo Nyeusi

Kuna mabifu ya mashabiki yanayoisha ndani ya wiki, na kuna yale ambayo watu wanakumbushana miaka 10 baadaye kama vile yameanza jana. Bifu la albamu inayoitwa Sunbather ni la aina hiyo ya pili. Cha kuchekesha ni kwamba kelele nyingi hazikuanzia hata kwenye muziki. Zilianzia kwenye rangi.

Kwa ambao hawaujui huu muziki, blaki metali ni mtoto mtukutu wa roki nzito, na jina lake lilikua Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990. Magitaa yanakimbia kama nyuki waliochokozwa, dramu haipumui, na mwimbaji haimbi, anapiga mayowe. Wasanii walikuwa wanajipaka usoni rangi nyeupe na nyeusi mpaka wanafanana na maiti. Kule Norway baadhi yao walivuka mipaka kabisa: makanisa yalichomwa, watu waliuawa, vijana wakaenda jela. Baada ya hapo muziki ukabaki na sheria ambazo hakuna aliyeziandika ila kila shabiki anazijua. Kava liwe jeusi. Jina la bendi lisisomeke. Nywele ndefu. Na kwenye picha hakuna kucheka.

Sasa Juni 2013 wanatokea jamaa wa San Francisco, Marekani, bendi yao inaitwa Deafheaven. Roho ya bendi ni watu wawili, mwimbaji na mpiga gitaa. Mwimbaji nywele fupi zimechanwa vizuri, nguo safi, ungedhani anawahi usaili wa kazi. Kava la albamu ni pinki tupu na herufi za jina juu yake, basi. Ukiweka muziki, mayowe ni yale yale na dramu ni ile ile, ila katikati ya vurugu magitaa yanageuka kuwa laini, matamu, yana ukungu ukungu hivi. Nyimbo ni 7, na ule wa kwanza peke yake unapita dakika 9.

Wakosoaji walichanganyikiwa kwa raha. Sunbather ikawa moja ya albamu zilizosifiwa kuliko zote mwaka ule, na siyo kwenye metali tu, kwenye muziki wote. Kava lake likaonekana hadi kwenye picha za Apple za kutangaza iPhone mpya. Hebu fikiria: muziki wa watu wanaojificha gizani, upo kwenye tangazo la simu.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wapo waliosema hii siyo blaki metali, ni muziki wa watoto wa mjini wanaopenda kuonekana tofauti. Wapo waliosema muziki mzuri, sawa, ila waupe jina lingine. Wengine walilia kwa mara ya kwanza wakisikiliza mtu anayepiga mayowe, na hawakujali kabisa unaitwaje. Na wapo, tena wengi tu, ambao hawakusikiliza hata dakika 5. Waliona pinki, wakahukumu.

Ni rahisi kumcheka yule shabiki wa zamani aliyekasirika. Lakini mwelewe kwanza. Chukua mtu aliyeupenda muziki huu akiwa na miaka 15, shuleni wanamwita mchawi, nyumbani wanamwombea. Kanda anazitafuta kwa shida, rafiki wa kuongea naye hana. Huo muziki ndio ulikuwa chumba chake, akifunga mlango hakuna wa kumsumbua. Miaka inapita, halafu siku moja wale wale waliokuwa wanamcheka wanaingia chumbani bila kubisha hodi, wanasema pazuri hapa, wanapiga picha. Hata wewe ungenuna. Kwa hiyo hasira yake haikuwa ya rangi. Alikuwa anaogopa kupokonywa kitu pekee alichokiona chake.

Tatizo ni kwamba kwa kulinda mlango, hakusikia kilichokuwa kinasemwa na waliogonga.

Maana Sunbather, kwa Kiswahili chepesi, ni mtu anayeota jua. Mwimbaji amewahi kueleza kwamba wazo lilitoka siku aliyokuwa anapita na gari kwenye mtaa wa matajiri, akamwona msichana amejilaza kwenye nyasi, anaota jua zake, hana habari na mtu. Yeye mwenyewe maisha yalikuwa yamembana. Akaondoka na uchungu ambao hakuweza kuutupa: kwa nini yule ana amani hivyo, na mimi sina? Na ile pinki iliyotukanwa vile ni rangi unayoiona ukilala chali juani ukafumba macho. Jaribu siku moja.

Humo ndani hakuna shetani wa kuigiza. Kuna kipande kimerekodiwa mtaani, mhubiri anatisha watu na moto wa milele, na chini yake inasikika mtu akinunua dawa za kulevya. Ilirekodiwa kweli, siyo maigizo. Wimbo wa mwisho ni wa mtoto wa kiume anayejiangalia na kumwona baba yake ndani yake, na hapendi anachokiona. Ukisikiliza kavu kavu hutaelewa neno hata moja, kwa sababu yote yanapigiwa mayowe. Lazima ushike maneno yaliyoandikwa, usome huku unasikiliza.

Ndipo unagundua kitu kinachouma kidogo. Albamu nzima ni ya mtu aliyesimama nje ya uzio, anaangalia maisha ambayo hakukaribishwa. Na yule shabiki wa zamani, aliyejua vizuri kuliko wote kusimama nje kukoje, ndiye aliyejenga uzio mwingine na kuwaambia hawa jamaa wabaki nje. Wageni nao hawakuwa wasafi. Wengi walisifia kava, wakaposti, wakapita. Pande zote mbili ziligombania mlango, na aliyekuwa analia katikati hakuulizwa analia nini.

Muda ulipita, bendi haikufa. Mwaka 2019 walifika mpaka kuwania tuzo ya Grammy kwenye kipengele cha metali, kwa wimbo wa albamu nyingine. Mwaka 2021 wakatoa albamu ambayo karibu yote imeimbwa kwa sauti laini, na ugomvi ukaanza upya, safari hii hata baadhi ya wale waliotetea pinki wakasema hapana, hii imezidi. Yaani wageni wa 2013 walishakuwa wenyeji, na wao wakashika funguo za mlango.

Ndivyo ilivyo. Kila shabiki aliingia akiwa mgeni, ila akishapata kiti anasahau. Kuna msanii gani uliyemkataa kwa sababu ya nguo, rangi au mtaa aliotoka, kabla hujamsikiliza mpaka mwisho?