Kaburini kwa Mtakatifu Sirili, Roma

Msafiri afikaye Roma huenda kwanza kwa Mtakatifu Petro, na ndivyo ipasavyo. Sisi nasi tulifanya hivyo. Lakini siku ya tatu tulishika njia itokayo kwenye ule uwanja mkubwa wa kale, Colosseum, kuelekea Laterano, tukabisha hodi kwa Mtakatifu Klementi.

Kanisa hili ni kama nyumba ya orofa, ila orofa zake zimo ardhini. La juu lilijengwa karne ya 12. Chini yake limo kanisa la karne ya 4, lililofukiwa na kusahauliwa hata mwaka wa 1857, Padri Joseph Mullooly, Mdominiko wa Ireland, alipoanza kulichimbua. Chini zaidi zimo nyumba za Warumi wa kale na hekalu la mungu wa kipagani. Huko husikika maji yakitiririka gizani.

Tulishuka ngazi, na baridi ya udongo ikatupiga usoni. Katika kanisa lile la kale tuliona altare, na ukutani vibao vya mawe vilivyowekwa na mataifa ya Waslavi kutoa shukrani. Hapo ndipo waumini wanapoliheshimu kaburi la Mtakatifu Sirili.

Wanashukuru kwa ajili gani? Mwaka wa 862 Rastislav, mtawala wa Moravia, alipeleka wajumbe kwa Kaisari wa Konstantinopoli. Watu wake walikwisha kupokea ubatizo, lakini walikosa mwalimu wa kuwaeleza imani kwa lugha yao. Kaisari akawatuma ndugu wawili wa Thesalonike, Konstantino, ambaye baadaye alijiita Sirili, na Metodi. Lugha ya Waslavi haikuwa na maandishi. Basi Konstantino akaitungia herufi, akaanza kufasiri Injili.

Taabu hazikukawia. Huko Venezia walikutana na mapadri waliodai kwamba Mungu asifiwe kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa juu ya msalaba. Konstantino aliwauliza kama mvua ya Mungu haiwanyeshei wote, na kama jua haliwaangazii wote. Naye Papa Adriano II aliwapokea ndugu hao Roma kwa heshima, na vitabu vyao vya Kislavi vikawekwa juu ya altare ya Kanisa la Bikira Maria Mkuu.

Sirili alifariki Roma tarehe 14 Februari 869, umri wake miaka 42. Yasimuliwa kwamba alimkumbusha ndugu yake jinsi walivyokuwa kama ng'ombe wawili waliofungwa jembe moja. Sasa yeye anaanguka, lakini mwenzake asiliache shamba. Metodi hakuliacha. Maaskofu wa Bavaria walimfunga zaidi ya miaka miwili, hata Papa Yohane VIII akamtoa mwaka wa 873. Alifasiri karibu Biblia yote, akafa mwaka wa 885. Wanafunzi wake walifukuzwa, na wengine wakauzwa utumwani. Waliosalimika walikimbilia Bulgaria, na huko mbegu ikaota.

Tukiwa tumesimama pale, tulimkumbuka nyanya mmoja wa kwetu Kivu, asiyejua lugha nyingine ila Mashi. Alipokuwa kufani, mjukuu wake, kijana wa shule, alimsomea Mateso ya Bwana kwa Kifaransa, akidhani kwamba Mashi ni lugha ya shambani tu. Nyanya alinyamaza. Akaja katekista na kitabu chake cha Kiswahili, akamweleza habari ile ile kwa Mashi, neno kwa neno. Nyanya akafumbua macho, machozi yakamtoka, akasema, «Kumbe ndivyo walivyomtenda!» Tangu utoto alikuwa akiubusu msalaba, siku ile aliusikia.

Hatuwadharau wazee wetu waliosali kwa Kilatini, Mungu aliwasikia. Tena Kilatini chenyewe kilikuwa lugha ya watu wa kawaida, na Wakristu wa kwanza wa Roma walisali kwa Kigiriki. Mtaguso wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha za mataifa katika Liturujia mwaka wa 1963, na mwaka wa 1965 ukaagiza Maandiko Matakatifu yafasiriwe vema. Mwaka wa 1988 Roma ilithibitisha Misa kwa desturi ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire siku zile. Mlango basi u wazi. Je, sisi tunauingia?

Enyi wanafunzi, jifunzeni Kifaransa kwa bidii, wala msikionee haya Kiswahili, wala Mashi, Kinande, Kilega au Kiluba. Jumapili jioni mkae na wazee, mwasomee Injili ya siku, na neno lisilofahamika mlieleze kwa lugha ya nyumbani. Mkishindwa kulieleza, mtatambua kwamba ninyi wenyewe hamjalielewa, na wazee watawasaidia.

Tulipanda tena ngazi hata juani. Ng'ombe mmoja alizikwa katika kanisa lile miaka elfu na zaidi iliyopita. Shamba bado lipo.